Picha ya Bishar

Jumatatu, 6 Machi 1995. Tarbaj, Wajir.
Saruji imeisha tena. Tumechekecha mchanga toka asubuhi, kisha tukakaa. Mikono imepasuka. Fundi anasema lori liko njiani. Njia gani, hasemi. Huko kwetu Butere wanapanda mahindi sasa, na mimi niko hapa najenga madarasa ya watoto nisiowajua. Nimechoka na mahali hapa.

Mwenzangu wa karai ni Bishar. Msomali wa hapahapa, alisoma shule hii hii mpaka darasa la saba, kama mimi nilivyosoma kwetu. Hana kitambulisho. Ameomba mara mbili, akaambiwa athibitishe kwamba hakuvuka mpaka kutoka Somalia. Bila hicho, kizuizi cha polisi barabarani hapiti. Garissa kwenyewe hajafika. Hunitania: "Warya Makokha, ukirudi Kenya nisalimie watu." Nacheka. Halafu naona vibaya.

Alhamisi, 9 Machi
Amekuja mpiga picha kutoka Nairobi, dada anaitwa Wanjiru. Anazunguka nchi nzima kupiga picha za Wakenya na ardhi yao. Zitatundikwa ukutani huko Nairobi. Mpole, anasalimia hata sisi wa mchanga. Fundi amenitoa nimbebee kamera na miguu yake mitatu. Kazi nyepesi. Nimeipenda.

Bishar alisikia "picha za Wakenya". Jioni nimemwona akifua shati jeupe.

Ijumaa, 10 Machi
Bishar alikuja kama mtu anayekwenda arusi. Shati jeupe, kalamu mfukoni, nywele zinang'aa mafuta. Akasimama mbele ya kibao cha shule, mikono ubavuni, wima. Wanjiru alitabasamu, hakupiga. Aliniita kando. Alimtaka na macawis, ile shuka ya kiunoni ya wachungaji, na ngamia, pale ambapo bati halionekani. Alitaka ardhi, mbingu na mtu. Basi.

Nilimwendea mimi. Alikataa.

"Ngamia ni ya mjomba. Mimi ni mtu ya mjengo. Wewe mbona hakuambii uvae majani ya ndizi?"

Watu wote wa mjengo waliangua kicheko. Niliona haya, nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba ni picha tu, avae. Akavaa. Kulikuwa na pipa la maji lenye maandishi ya serikali. Nililiburuta mwenyewe lisionekane. Kibao cha shule bado kilichungulia kwa mbali, nikakilaza chini.

Mwisho Bishar aliomba moja tu ya shati. Wanjiru hajafungua mdomo, nikamjibu mimi: filamu ni ghali, muda umekwisha. Nani aliniuliza? Nilitaka tu dada aone mimi ni mtu wa maana.

Jumapili, 12 Machi
Wanjiru ameondoka. Saruji imefika. Mgongo unauma.

Jumatatu, 10 Julai
Dereva wa lori ameleta picha kutoka kwa Wanjiru. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Ngamia, Bishar, na nchi tupu mpaka macho yachoke. Bishar aliitazama sana. "Huyu ni babu yangu," akasema. Kisha akaifunga kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ataipeleka Wajir, aombe kitambulisho mara ya tatu. Anasema picha iliyotundikwa Nairobi kama ya Mkenya, ofisa gani ataikataa? Nilimwambia aende. Niliamini kabisa.

Ijumaa, 14 Julai
Amerudi. Ofisa ni mgeni, mtu wa bara kama mimi. Aliweka picha mezani akasema, "Nionyeshe Kenya iko wapi hapa." Bishar akatafuta. Ofisa akamwambia hiyo ni Somalia, na kwamba amejileta mwenyewe. Akimwona tena pale, atampeleka Dadaab kwa wakimbizi wenzake.

Alinieleza haya akichanganya saruji, uso chini. "Hata mimi nilitafuta, Makokha. Wallahi sikuona."

Nilichukua koleo, nikachanganya naye.

Jumapili, 16 Julai
Nimemwambia Bishar nitakwenda naye Wajir, nimweleze ofisa kwamba pipa lilikuwepo, shule ilikuwepo, mimi ndiye niliyeviondoa. Alinitazama kwa huruma. Kwa huruma! "Atakuuliza kwa nini uliviondoa," akasema. Nimefikiri mchana kutwa. Sina jibu linaloweza kusemwa mbele ya ofisa.

Jumamosi, 22 Julai
Mkandarasi ametaka kila kibarua aonyeshe kitambulisho. Bishar aliegemeza koleo ukutani, akanawa mikono, akaondoka. Hakuaga. Watu wa hapa wanasema amekwenda malishoni na ngamia wa mjomba wake. Shati aliliacha kwa dada yake.

Darasa la mwisho limebaki paa tu. Nimepewa mtu mwingine wa karai.

Jumanne, 1 Agosti. Garissa.
Kazi imekwisha, naenda nyumbani. Kabla ya daraja la Tana askari walisimamisha lori, wakatushusha sote tuliokuwa nyuma, mimi na Wasomali wa Tarbaj, wakatupanga mstari. Kitambulisho changu nilikuwa nimekishika tayari. Askari aliniangalia uso, akanionyesha kwa mkono nirudi nikae. Hakukisoma.

Nilipanda, nikakaa juu ya magunia, peke yangu. Jua kali. Wenzangu walikuwa bado wamesimama chini.