Kamata Hana Kosa

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana wa kunicheka ninao wa kutosha hapa mtaani.

Mimi ni msusi, nimepanga vyumba viwili, cha mbele ni saluni na cha nyuma ndimo ninamolala, na nina mbwa, pitibuli, wale wenye kichwa kipana na shingo nene ambao mtu akiwaona tu anakumbuka ameacha jiko linawaka, lakini mshauri naapa huyu wangu ni mwoga kupindukia, anaogopa mashine ya kukaushia nywele, anaogopa mwavuli, paka wa jirani akija kula chakula chake yeye anakaa pembeni anamsubiri amalize. Jina lake ni Kamata, alipewa na marehemu mama kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa hachoki kukamata upindo wa gauni lake, mama anatembea na yeye anaburuzwa nyuma, na tangu mama afariki huyu mbwa ndiye pekee anayenipokea nikimaliza kazi, sina mwingine, nalisema bila aibu.

Sasa shida ni hii sifa mbaya waliyopewa pitibuli, maana mtu hajawahi hata kubwekewa lakini atakusimulia habari za binamu wa rafiki yake aliyenyofolewa paja, basi nikaamua nitasafisha jina la ukoo mzima, nikaanza na wateja, kwa sababu mteja aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia, nasuka huku namwelimisha, ila mmoja aliinuka na nusu yake hivyo hivyo, akajifunga kitambaa, hajarudi mpaka leo. Nikamshonea mbwa fulana nyekundu iliyoandikwa KAMATA kwa herufi kubwa ili watu wamzoee kwa jina, ndiyo kwanza wakazidi kuvuka barabara. Na jioni nikimtembeza, wakati mwingine ananiponyoka, mimi namfuata nikiita kwa upole kabisa, "Kamata! Kamata!" na watu wazima na heshima zao wanatupa vikapu na kutimua mbio, wanamkimbia mbwa ambaye anatikisa mkia, kama si chuki ni nini?

Nikasema potelea mbali, nikaalika majirani Jumamosi, soda na biskuti uani, waje wamwone kwa macho yao. Walikuja, mbwa mwenyewe akajificha chini ya meza, mambo yakawa mazuri hata mama muuza mkaa akaanza kumwonea huruma, mpaka alipotokea baba mwenye nyumba pale getini, nami kwa heshima zote nikainama chini ya meza nikamwambia mbwa, "Kamata! Baba mwenye nyumba huyo! Nenda mwanangu, usiogope!" Mshauri, yule mzee aligeuka kama kijana, ndala moja ikabaki getini, na mbwa wangu ambaye tabia yake ni kurudisha vitu akaiokota akamfuata nayo, na mimi nyuma yao napiga kelele, "Mpe, Kamata! Mpe!" Majirani walimteremsha mzee kutoka juu ya kreti za soda alikopanda nje ya duka, akanitazama, akasema, "Mama saluni, yaani umenitumia mbwa?" Mimi nimtumie mbwa! Sasa amesema mwisho wa mwezi nichague, mbwa atoke au nitoke mimi na saluni yangu, na siwezi kumtoa Kamata, nikimtoa ni kama nimemzika mama mara ya pili, na nikihama nitaanzia wapi? Naomba unipe maneno ya kuwabadilisha hawa watu mawazo kuhusu pitibuli, maana kosa la mbwa wangu silioni.

Ni mimi, Mama Kamata.

Mshauri anajibu:

Mama Kamata, pole. Na hilo neno "pole" liweke pembeni, tutalirudia.

Kosa la mbwa hata mimi silioni. La kwako nimeliona kuanzia fulana. Dada yangu, hebu chukua barua yako uisome kwa sauti, ukifika pale getini usome polepole. Mwizi akitimuliwa mtaani kwenu watu wanapiga kelele gani? Halafu wewe unatoka jioni na mbwa mwenye shingo ya kubeba mizigo, unaita "Kamata!" na unashangaa vikapu vinaanguka! Mzee wa watu ndiyo kwanza amefika getini, anasikia kwa masikio yake, kamata, baba mwenye nyumba huyo. Halafu unaongezea "mpe"! Ampe nini? Wewe ulijua ni ndala. Yeye alikuwa na mguu mmoja peku na hakutaka kukaa kusubiri jibu.

Najua utaniambia jina ni la mama, na hapo nakuelewa, msiba hauishi kwa sababu matanga yameisha. Ila mama yako alimwita Kamata akiwa ndani, kashikwa gauni. Hakuwahi kulitangaza barabarani. Basi jina la mama libaki kwa mama, chumbani kwako, mlango umefungwa. Wangapi wana jina la nyumbani ambalo kazini hawathubutu kulitaja?

Na usinifanye nikutetee kwa kila kitu. Pitibuli wamesingiziwa mengi, sikatai, lakini yale mataya hayakusingiziwa, na mwoga akibanwa kona hujui atafanya nini. "Ananiponyoka" sitaki kulisikia tena. Nunua mkanda imara na kamba nene, mpeleke chanjo, na anayetaka kuvuka barabara mwache avuke, ni haki yake kuogopa. Fulana ichane ufanye matambara. Wateja wamekuja kusukwa, wasuke. Huyo uliyemwacha na nusu kichwa mtafute ummalizie bure, maana huyo ndiye anayekutangaza vibaya kuliko mbwa.

Kesho asubuhi nenda kwa baba mwenye nyumba, peke yako, mbwa abaki. Ichukue ile ndala, ioshe mate, umpe kwa mikono miwili. Usimhutubie habari za pitibuli. Mwambie, "Baba, nilikuwa naita jina lake, sikujua nimesema nini." Kisha unyamaze. Atakasirika, baadaye atacheka, na akishacheka ndipo umwombe mwezi mmoja wa kumwonyesha mbwa mwenye kamba na jina jipya.

Jina nimeshakupatia. Mwite Pole. Mfundishe kwa vipande vya nyama, atalishika upesi, tumbo halina ubishi. Siku mkikutana na baba mwenye nyumba getini, mbwa akasogea na mzee akaruka kwa woga, wewe ita tu kama ulivyozoea, kwa sauti yote, "Pole! Pole!" Mzee atakuwa ameshakujibu "nimeshapoa" kabla hajajua ulikuwa unamwita nani.