Eti Nilianguka kwenye Taxi-moto

Mama Mshauri mupendwa wa redio, naomba unisaidie mbio, juu moyo yangu haitulii tena. Mi niko mama wa batoto tatu, wa kwanza Jémima, hapa Manika, bwana yangu Gracien anaendesha kamiyo kwa kampuni ya mugodi, na kampuni ilituandikisha sisi bote kwa asiransi, ile bima ya kulipia matibabu. Tangu mvua iishe kichwa inaniuma kila asubuhi, na jicho la kushoto linafunga pembeni kama mutu anavuta pazia, hata sokoni nilimwagia mama moja unga yake, sikumuona. Munganga wa kliniki akasema, "Mama Mushiya, tupige picha ya kichwa na skaneri." Asiransi ikakataa, eti kichwa kuuma haiombe skaneri, nikunywe dawa kwanza. Nikakunywa, jicho likazidi, bakakataa tena. Sasa Gracien, bila kuniuliza, akabapigia simu akasema nilianguka kwenye taxi-moto, pikipiki ya kubeba batu, juu mwenzake wa kazi alimuambia ajali banakubali palepale. Kweli bakakubali. Nikamuambia, "Tata Jémima, huu ni uongo." Akajibu, "Uko unapofuka, unataka nikuangalie tu?" na machozi ikamutoka. Juma hii inafaa niende kupigwa ile picha. Nikienda, bakijua ule uongo, Gracien atafukuzwa kazi. Nisipoenda, jicho litakwisha. Silali, nazunguka nyumba, nafunika jicho moja nione kama lingine lingali linaona. Nifanye nini?
Mushiya, Manika

Mushiya mwanangu, pole sana. Kwanza jicho: giza likiongezeka ghafla, ukitapika au mkono ukilegea, usingoje ruhusa ya asiransi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Gracien, kama uko karibu na redio, sikia. Umefanya kwa upendo, lakini umempoteza munganga njia. Atakayesoma picha atatafuta mfupa uliopasuka na damu ya ajali, na kitu kinachobana jicho la bibi yako kinaweza kumpita. Na wakiuliza ile taxi-moto ilikuwa ya nani, utajibu nini?

Na wewe, Mushiya, nitakugombeza kidogo. Asiransi ilijibu habari ya kichwa tu, ya jicho haikusema neno. Je, munganga ulimwambia yote, ao ulisema kichwa kinauma ukanyamaza? Wanawake tumezoea kupunguza ugonjwa wetu ili tusisumbue watu. Usipunguze huu.

Kesho asubuhi rudini kliniki ninyi wawili. Mwambie munganga ukweli wa ile ajali, kisha umwambie vile jicho linavyofunga. Aandike ombi upya, jicho likiwa mbele, na yeye mwenyewe ampigie simu munganga wa asiransi, waelewane. Gracien amwone delege, mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kampuni, waende pamoja kufuta ule uongo kabla haujagunduliwa. Watamkemea, pengine kwa ukali. Avumilie. Wakikataa tena, delege adai sababu kwa maandishi.

Na Gracien asibaki nje kwenye benchi. Aingie kwa munganga pamoja nawe, asikie kwa masikio yake bibi yake anaumwa nini.