Kadi Uliyotubadilishia

Nduguti, Mkalama,
Singida.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Sixbert,

Shikamoo kaka. Hamjambo huko Kimara, wewe na wifi Jesca? Kile kifua cha Samweli kimepona? Mwambie shangazi yake anamuulizia kila siku. Sisi huku tu wazima. Baridi ya Juni imeingia na upepo wake, asubuhi midomo inapasuka, lakini mimi sina habari na baridi maana nina mume.

Acha nijisifu kidogo, kaka. Leo ni wiki ya saba tangu harusi na ndoa bado ni tamu. Sikujua kama mtu anaweza kuamka mapema makusudi ili amtazame mwenzake anavyolala. Enock ananichotea maji mchana kweupe, watu wanaona, na mama mkwe ameshachoka kushangaa. Juzi aliniletea pera moja mfukoni kutoka shambani. Moja tu. Nikamuuliza lako liko wapi, akasema mti ulikuwa na moja. Wewe niambie, mwanaume kama huyu unampa nini?

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu. Kwenye simu ungeniita Kadada, ungecheka kile kicheko chako, na mimi ningekusamehe kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni kompyuta yetu ya gemu.

Unajua jinsi tulivyoipata, mimi na Enock. Alinipenda siku ile nilipomfunga manne kwa moja kwenye banda la gemu kule Kiomboi, akaweka pedi ya kuchezea chini akasema, "Dada, nifundishe au nioe." Basi miezi yote ya uchumba, mimi nikiwa Kinampanda na yeye huku Nduguti, wenzetu walikuwa wakiongea maneno matamu kwenye simu, sisi tulikuwa tukiongea prosesa. Na kwangu yalikuwa maneno matamu. Tulikubaliana tusinunue kasha la kioo wala taa za rangi, maana taa hazichezi mpira. Prosesa iwe ya kati tu. Ram gigi kumi na sita, vijiti viwili vya nane nane. Pawa saplai ndiyo tusiibanie, kwa jinsi umeme wetu unavyopanda na kushuka. Na nguvu zote zilizobaki ziende kwenye kadi ya picha, maana ndiyo inayochora gemu kwenye kioo.

Kadi hiyo ulituchagulia wewe. Ulisema, "Chukueni kama yangu. Ni ya siku nyingi lakini madukani bado mpya zipo, na kwa bei yake hamtapata inayoizidi." Tulikuamini kama tunavyoamini kalenda. Shangazi Redempta akauza alizeti yake akasema hiyo kadi ndiyo kitenge chake cha harusi kwetu. Tukakukabidhi orodha na hela zote, ukanunua.

Siku ya harusi mshereheshaji alipotangaza, "Kaka wa bibi harusi, kutoka Dar es Salaam, na maboksi yake saba!" ukumbi mzima uliinuka. Nilikutazama ukicheza na boksi la kadi kichwani nikajisemea, hakuna msichana mwenye kaka kama wangu.

Wengine fungate wanakwenda Zanzibar. Letu lilikuwa mkeka na bisibisi. Enock alikuwa akishika kitanda cha chuma kwanza ndipo aguse vifaa, kwa sababu alisoma kwamba mwili una umeme wake, na mimi nikimsomea maelekezo kwenye simu huku nimemwegemea mgongoni. Kadi ya picha aliiweka mimi nikiwa jikoni. Ikishakaa mahali pake feni zake hutazama chini, kwa hiyo mimi sikuziona. Kompyuta ilipowaka alinibeba akanizungusha chumba kizima mpaka nikapiga kichwa kwenye fremu ya mlango, na bado nilicheka.

Mara mbili ilizima tukiwa tunacheza. Tukasema ni umeme.

Halafu ikaja siku ya kufungua banda letu la gemu, tarehe thelathini na moja Mei. Tulikuwa tumetangaza mashindano, watu kama arobaini wakaja, watumishi wa halmashauri, walimu, mama mkwe amekaa mbele na kitenge kipya. Mkuu wa shule ya sekondari pia alikuja, kwa sababu alitaka kumpa Enock kazi ya kufufua kompyuta tano za darasa lao. Kwenye nusu fainali kioo kikajaa mistari ya zambarau, kikazima. Enock akawasha, kikazima tena. Akawasha, tena.

Joshua wa masijala akapaza sauti, "Bwana harusi, nati umebakiza mfukoni nini?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, mikono ya jembe hiyo, imezoea kutifua!" Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Mama mkwe naye alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mwanawe akaacha.

Tangu siku hiyo Enock anaamini aliiua yeye. Anasema labda hakushika chuma siku ile, labda aliibana kadi kwa nguvu. Mkuu wa shule alirudi kwa upole kabisa akamwambia kazi bado ipo, na mume wangu akajibu, "Hapana mwalimu, nisije nikaharibu mali ya watoto." Kaka, huyu ni mtu aliyejifunza hii kazi peke yake, miaka minne, kwa kufungua redio mbovu za watu. Ameiacha. Akila anatazama mikono yake kama ya mtu asiyemfahamu.

Jumanne iliyopita alikwenda shamba, nikasema ngoja niipunguzie vumbi mwenyewe. Nikachukua brashi ya rangi, nikaitoa kadi, nikaigeuza.

Kwenye feni ya kushoto, kwenye panga moja, kuna ufa. Na ndani ya ufa kuna rangi nyekundu ya kucha, punje ndogo kama ya mtama.

Ile rangi ni yangu, Sixbert. Niliipaka mimi. Nilikuwa kwako baada ya kidato cha nne, feni ya kadi yako ikapasuka, ukasema itupwe, nikaigandisha kwa rangi ya kucha. Ulicheka ukamwita wifi aje aone nilivyoipaka kucha kompyuta. Hata wakati ule ilikuwa inapata moto kiasi kwamba ulikuwa ukifungua dirisha ndipo ucheze.

Nilikaa chini sakafuni. Nilitafuta kila njia ya kukutetea. Nikasema labda duka lilikosea, lakini duka litapata wapi kucha zangu? Ulifungua boksi jipya, ukachukua kadi ya shangazi Redempta ukajiwekea, ukaifuta vumbi ile yako iliyochoka, ukaipanga vizuri kwenye boksi letu. Kisha ukaja kucheza nayo kichwani mbele ya wakwe zangu.

Kama ungeniomba ningekupa. Hicho ndicho kinachoniuma. Ungesema, "Kadada, yangu imechoka na nimeitamani hii," ningelia kidogo halafu ningekupa, na Enock ndiye angekuwa wa kwanza kusema mpe.

Siku nne sasa nimenyamaza. Nimeogopa kwamba nikisema, hapa nyumbani watajua nimetoka kwa watu wa namna gani. Nilishajipangia hata uongo, kwamba feni ilikufa yenyewe. Lakini kwa kukusitiri wewe namwacha Enock ajidharau, na siwezi. Kabla sijaifunga barua hii nitampa aisome.

Jumapili, baada ya ibada.

Nimempa. Ameisoma mara mbili, wima, mlangoni. Nilidhani atakasirika, na uniamini usiniamini nilikuwa tayari kukutetea hata hapo. Akasema, "Kumbe si mimi." Akakaa. "Eliana, kumbe si mimi." Kisha mume wangu, ambaye hakutoa chozi hata siku nilipotoka kwetu watu wote wakilia, akaniwekea kichwa mapajani akalia kama mtoto.

Aliponyanyuka alikuwa anacheka. Akasema, "Shemeji naye! Si angesema tu?" Akaoga, akavaa shati la harusi, akaenda kwa mkuu wa shule Jumapili hiihii. Yeye amekusamehe kabla chai haijapoa.

Mimi bado.

Sikuambii utume kadi. Utaituma au utabaki nayo, hilo ni lako na shangazi Redempta, na yeye nitamwandikia mwenyewe. Ninachotaka ni simu, na isiwe kwangu. Mpigie Enock. Mwambie kwa mdomo wako ulichofanya, bila Kadada na bila kicheko. Nitaweka sauti kubwa, na mama mkwe atakuwa amekaa hapo, kwa sababu na yeye alicheka.

Msalimie sana wifi Jesca, sijui kama anajua, usisubiri ajue kutoka kwangu. Mbusu Samweli. Mama anakusalimu kutoka Kinampanda, yeye sijamwambia kitu. Mungu awalinde wote nyumbani kwako, akupe riziki yako mwenyewe ikutoshe, na akupe ujasiri wa dakika tano za simu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo angetamani kukupenda kidogo kuliko anavyokupenda,

Eliana