Niliungoja Mkono wa Rosa

Jumapili, alasiri, mtaa wa Alief. Joto la Houston limenikaa mwilini kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Watoto wamelala sakafuni kwa wifi yangu Zuhura, chini ya feni. Mume wangu Abdalla ametoka kutafuta nyama ya mbuzi, na Zuhura kaenda naye kwa sababu hamwamini kuchagua. Nina kama saa moja hivi ya kukaa bila kuitwa na mtu.

Nimeamua kuitumia kukasirika. Jana sikupata nafasi.

Jana tulishindwa. Tulishindwa kwa sababu yangu, na uwanja mzima ukaona.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: siku za kazi mimi ni msaidizi kwenye nyumba ya wazee kule Cedar Hill. Jioni moja moja na wikendi ni mzimamoto wa kujitolea kwenye kimji chetu, mbele kidogo ya hapo, ambako kituo kina magari mawili na watu wasiolipwa. Nilijiunga miaka miwili iliyopita, baada ya jikoni kwa jirani kushika moto nami nikasimama uani na ndoo mkononi, sijui niimwage wapi. Sikutaka kusimama hivyo tena.

Habari za mashindano sikuzijua kabisa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba vituo vya huku Texas hukutana Jumamosi kushindana nani mwepesi wa kutoa maji. Watu huja na viti vyao, na majiko ya kuchomea nyama, na bibi zao. Wanaume wana timu zao, wanawake zao. Kituoni kwetu wanawake tuko watatu tu: Teri, Rosa na mimi. Akitoka mmoja, hakuna timu.

Shindano lenyewe ni fupi kama chafya. Gari linakuja mbio, Teri kwenye usukani, linasimama kando ya bomba la barabarani. Mimi naruka, naunganisha gari na bomba kwa mpira mnene wa maji, nashika spana kubwa ya kufungulia maji. Rosa anakimbia mbele na mpira mwingine mpaka unyooke, anafunga nozeli, ule mdomo wa chuma wa kurushia maji, kwenye ncha yake, anakipiga kwa maji kibao kilichosimikwa mbele. Kibao kikianguka, saa inasimama.

Ugumu wake uko hapa. Kwenye moto wa kweli, mwenye spana hafungui mpaka mwenye nozeli ainue mkono. Mkono juu maana yake niko tayari, lete maji. Ndivyo tulivyofundishwa siku ya kwanza. Lakini kwenye mashindano ukingoja mkono umekwisha, kwa sababu maji nayo yana safari yake: yaingie kwenye gari, yatoke, yaujaze mpira wote mpaka mbele. Kwa hiyo timu zote hufungua mapema. Rosa akipiga goti tu kufunga nozeli, mimi nafungua, na maji yanamkuta akiwa anamalizia kuikaza.

Mwaka jana, mazoezini, nilifungua mapema mno. Nozeli ilikuwa imeshika kidogo tu. Ikaruka, ikampiga Rosa mkononi, ikamvunja vidole viwili.

Ile sauti yake bado ninayo.

Tangu hapo nikishika spana mkono unaniganda. Mazoezini nimejilazimisha. Siku nyingine nafungua goti linapogusa chini, siku nyingine nachelewa kidogo, Teri ananung'unika, tunarudia. Nikajidanganya kwamba siku ya siku, watu wakipiga kelele, mkono utafanya wenyewe.

Ijumaa tukaendesha gari kwa muda wa saa nne kuja huku. Mwanangu Idrisa ana miezi kumi na anaota meno, kwa hiyo sikulala. Jana saa nane mchana tulikuwa tumepanga mstari kwenye kimji kimoja nje ya Houston, lami inatoa mvuke. Maziwa yalikuwa yameanza kunivuja, fulana ya timu ina mabaka mawili kifuani, nimekunja mikono kuyaficha. Mtandio nimeufunga nyuma ya shingo, helmeti juu yake. Kule kwenye uzio, Nuru wangu wa miaka mitano kapanda mabegani kwa baba yake, ananiita kwa jina langu. Si Mama. Jina langu kabisa, kwa sababu ndivyo watoto wengine walivyokuwa wakiwaita wachezaji wao.

Zamu yetu ikafika, tukaondoka.

Teri alisimamisha gari pale pale panapotakiwa. Nikaruka vizuri. Mpira ukaingia kwenye bomba mara moja, haukuenda upande. Spana ikakaa. Nikainua macho, Rosa ameshapiga goti.

Nikangoja mkono.

Nilikuwa najua sipaswi kungoja, hilo ndilo linaloniudhi. Kichwa kilikuwa kinaniambia fungua, fungua, fungua, na mimi nimekaza macho kwenye bega lake la kulia kama mtu anayengoja lifti. Rosa akamaliza kufunga. Akaishika nozeli, akailenga kwenye kibao, akatulia na mpira mtupu kama anayepigwa picha. Kisha akageuka. Na uwanja mzima ukageuka naye kuniangalia.

"Fungua, mama!" akapiga kelele mzee mmoja nisiyemjua, mdomo umejaa nyama.

Nikafungua. Kibao kikaanguka. Watu wakatupigia makofi, yale makofi wanayopigiwa watoto wa chekechea. Tukawa wa pili kutoka mwisho, na hao wa mwisho gari lao lilizimika katikati ya njia.

Rosa alinifuata nyuma ya gari, mimi nikijifanya nakung'uta mpira.

"Vidole vilikuwa vyangu," akasema. "Vimepona. Nilikusamehe siku ile ile, hata hospitali hatujafika. Lakini wewe kila ukishika hiyo spana unaniangalia kama kitu kilichovunjika. Kwako wewe nitapona lini?"

Nikamjibu upuuzi. Nikamwambia ni usalama.

"Usalama wa nani?"

Akachukua mpira, akaenda kuukunja peke yake. Mpira ule hukunjwa na watu wawili.

Teri ndiye kiongozi wetu, mama mtu mzima, anaendesha basi la shule, na hapandishi sauti. Heri angepandisha. Aliniambia majina ya mashindano ya mwisho wa msimu yanapelekwa leo jioni. "Kama huwezi, sema huwezi, tunaifuta timu ya wanawake mwaka huu. Sitakuchukia. Ila usiseme unaweza halafu uje utusimamishe tena namna ile."

Nikasema nitamjibu leo. Hili ndilo jibu ninalolizungukazunguka kwenye ukurasa huu.

Kwenye gari, tukija hapa Alief, Abdalla akanigusa goti. "Si mchezo tu, mama Nuru?"

Nikamwambia asimamishe gari nishuke. Tulikuwa barabara kuu, malori kushoto na kulia, hakusimamisha. Huyu mwanamume timu yake ya kandanda ikifungwa anasusa chakula, anashinda amejifunika shuka, na mimi nyumba nzima nawanyamazisha watoto kwa heshima ya msiba. Mchezo tu! Hajui kwamba kituoni nikiingia kuna wanaume wawili watatu ambao bado hawajazoea kuniona, na kwamba njia pekee ya kuwaziba midomo ni spana ile.

Nuru akauliza kutoka nyuma, "Mommy, did you forget how?" Eti nilisahau inavyofanywa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Zuhura alikuwa mlangoni anatungoja, upawa mkononi. "Karibu bingwa! Kombe liko wapi, au mmelisahau kwenye buti?"

"Wifi, niache leo."

"Sikuachi. Kutwa nzima umemtwika kaka yangu watoto, ukaenda kukimbizana na bomba, halafu urudi mikono mitupu? Haya, nawa ule. Hata walioshindwa wanakula."

Nikala. Nilikula sana, kwa hasira, na Zuhura akaniongeza bila kuniuliza. Hana ubaya, ndiyo mapenzi yake hayo. Asubuhi hii, tukiosha vyombo, akashusha sauti. "Kwani hasa uliogopa nini?"

Nikamweleza habari ya vidole. Yote, mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza, sufuria moja mkononi, anasugua pale pale. Kisha akasema, "Mbona wewe ndivyo ulivyo. Nuru akinywa maji bado unamshikia gilasi kwa chini. Miaka mitano! Jana nimekuangalia mezani. Mtoto anainua, na wewe unainua naye."

Nikamwambia sufuria yake bado ina sabuni.

Nimechoka na watu wanaosema kweli. Rosa kasema kweli, Teri kasema kweli, sasa Zuhura. Mimi nilitaka mtu mmoja tu wa kukosea ili nigombane naye vizuri. Nimebaki na Abdalla, na yeye kanitangulia, asubuhi kamchukua Idrisa bila kuombwa, kambadilisha nepi, kamlisha uji. Hata kugombana naye siwezi.

Sasa, kwa kuwa watoto wamelala na hakuna anayenitazama, niliandike hili.

Toka jana nawaambia watu kwamba niliogopa kumuumiza Rosa. Inapendeza kusikia. Unasema hivyo na watu wanakuonea huruma. Lakini lile swali lake, usalama wa nani, limekuwa likinifuata mpaka bafuni. Nimejiuliza kwa nini hasa nilitaka kuuona mkono. Mkono wake ungekuwa juu, halafu nozeli ikaruka tena, ingekuwa ni yeye aliyesema lete. Isingekuwa mimi. Ningekuwa na la kujitetea.

Nilikuwa najilinda mimi.

Hilo limeniuma kuliko yale makofi. Kwa sababu wanao hata uwashikie gilasi mpaka waoe na kuolewa, siku moja utafanya jambo kwa mkono wako mwenyewe, bila mtu wa kukupa ruhusa, na litakuwa sawa au litakuwa baya, na litakuwa lako. Kazini najua hivyo. Nikimnyanyua mzee kitandani simngoji aniambie sasa. Nahisi uzito wake, nanyanyua. Sijui kwa nini pale kwenye bomba nakuwa mtu mwingine.

Nikaanza kumwandikia Teri. Mara ya kwanza niliandika, Futeni jina langu, naomba radhi. Nikaitazama. Maneno machache na yamemaliza kila kitu, ya Teri na ya Rosa pia. Nikafuta. Mara ya pili nikaandika kwamba safari hii nitafungua mapema, naapa. Nikafuta haraka zaidi, maana nimeshaapa mara nyingi na mkono wangu hausikii viapo.

Mara ya tatu nikawaandikia wote wawili:

Tubadilishane. Rosa ashike spana, mimi niende mbele na nozeli. Afungue atakapoona yeye inafaa. Mimi sitainua mkono.

Nikatuma kabla sijapata akili.

Teri akajibu pale pale. "Unajua ukiwa mbele unaligeuzia bomba mgongo? Huoni chochote."

"Najua."

"Spana utairudia?"

Nikafikiri. "Nikishajua mtu wa mbele anavyokuwa, ndiyo. Siikimbii."

"Mazoezi Jumanne saa kumi na mbili jioni. Napeleka majina matatu."

Niliona Rosa ameusoma ujumbe. Nikaenda nikamfunika Idrisa, nikarudi. Nikaanika nguo mbili tatu za watoto kwenye uzio wa nyuma, nikarudi. Ndipo nikakuta maneno mawili.

"Nitafungua mapema."

Hakuna kicheko, hakuna picha ya uso unaocheka, hakuna chochote. Nimeyasoma labda mara kumi na sijui kama ni ahadi au ni kisasi. Ninavyomjua Rosa, ni vyote viwili.

Naogopa, sitasema uongo. Nikivifikiria vidole vyangu navikunja bila kutaka. Navihitaji, vina nepi za kubadilisha na wazee wa kunyanyua. Lakini yeye alisimama pale msimu mzima baada ya kuvunjika, akanipa mgongo kila wiki, na hakuwahi hata siku moja kuniuliza kama niko tayari. Nami sikuona kwamba hicho ni kitu amenipa. Niliona ananiharakisha tu.

Nasikia gari la Abdalla linaingia, na Zuhura anamsema kwa mbali kwamba amepunjwa, nyama yote mifupa.

Jumanne. Goti chini, nozeli mkononi, maji ya mtu mwingine yanakuja nyuma yangu.

Nitaweza kutogeuka?