Nililegeza Gamba la Binti Yangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa nimeshindwa, nisaidie kabla ya Alhamisi. Mimi ni fundi cherehani, nina binti wa miaka kumi na mitatu ambaye uti wake wa mgongo umepinda kwenda kando, na daktari wa mifupa alimpa gamba la plastiki ngumu linaloshika kiwiliwili kutoka kwapani hadi nyongani, alivae saa kumi na nane kwa siku mpaka atakapomaliza kurefuka, naye alilivaa, shuleni wakamwita Kobe akalivaa tu, ila siku moja akaniambia, "Mama, nguo ya mteja ikibana unaiachia, mimi unaniambia nizoee. Wewe ni fundi gani?" na maneno hayo yakaniingia, basi alipokwenda kuoga nikafumua mikanda ya nyuma nikaunga lastiki kwa ndani, uzi rangi ileile, mkanda ukawa unafika kwenye alama ya wino ya mtengenezaji kama kawaida lakini mtoto akivuta pumzi unatanuka. Kesho yake akasema, "Mama, gamba limenizoea," nami nikamfunga mikanda.

Hiyo ni miezi sita. Wiki jana akapigwa picha, mpindo uliokuwa digrii ishirini na nane umefika thelathini na tisa, daktari akauliza analivaa saa ngapi kwa siku, mtoto akajibu kumi na nane na ni kweli, daktari akaligeuzageuza asione kitu, na Mungu anisamehe nilijisikia fahari kidogo, halafu akasema ikiwa anavaa vizuri hivi na bado mgongo unapinda, basi gamba limeshindwa, Alhamisi tuje tuonane na daktari wa upasuaji. Njiani binti yangu akaniambia, "Nisamehe Mama, mgongo wangu mkaidi." Jana nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Je, nifumue lastiki kimyakimya nimwombe daktari miezi mingine, au niseme? Na nikisema, mwanangu atanitazamaje?

Fundi Asiyekalika

Fundi, kaa kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kukukumbatia, kisha nikunyang'anye mkasi.

Nakuelewa. Mtu anayeambiwa mchana kutwa "hapa pananibana" na kujibu "lete nikuachie" hawezi kuiacha tabia hiyo kazini akirudi nyumbani. Lakini nguo hufuata mwili. Gamba lile limetengenezwa ili mwili ulifuate lenyewe. Kule kubana ndiko dawa. Wewe ulimwaga dawa ukamwachia mtoto chupa, naye ameibeba miezi sita bila kukosa siku. Na habari ya fahari, usimwandikie mtu mwingine.

Kufumua kimyakimya, hapana. Daktari anaelekea kwenye kisu akiamini jambo ambalo si kweli, na ukweli unao wewe peke yako. Usiguse hata uzi mmoja. Wanatakiwa walione gamba kama lilivyo. Piga simu kliniki leo, useme, "Mikanda niliibadilisha mimi, mtoto hajui." Kisha nyamaza wakuulize. Omba na mtengenezaji awepo, maana huenda binti amerefuka na gamba lenyewe halimfai tena. Wanaweza kusema nafasi ya gamba kusaidia ipo, wanaweza kusema imepita. Mimi si daktari, sikuahidi kitu. Ila angalau wataamua kuhusu mgongo badala ya lastiki.

Likimchubua siku nyingine, wa kulirekebisha ni yuleyule aliyelitengeneza. Ufundi wako una kazi yake: mshonee fulana za pamba zisizo na mshono ubavuni, za kuvaa ndani, na sare pana ya kuvaa juu.

Sasa atakutazamaje? Vibaya, nadhani, kwa siku kadhaa, na ana haki. Mwambie leo akirudi kutoka shule, wala usitangulie kulia, maana ataanza kukubembeleza wewe. Akinuna mwache anune, ila usitoke chumbani. Anatembea akiamini kwamba mwili wake umekataa kusaidiwa, na amekuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Mgongo wake haukukaidi. Miezi sita hii haukupewa kitu cha kukaidi.