Jina Lako Kwenye Kitabu cha Misa ya Baba

Bruxelles, Etterbeek, Jumatatu

Mwanangu Deo,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, weye na bibi yako Furaha na watoto. Ule mguu uliokusumbua Noeli ulipona? Usinijibu tu kwamba unaendelea. Sema ukweli, ulienda kwa munganga wa hospitali ao ulikaa nyumbani kupaka mafuta? Mimi niko. Magoti yananitesa kwa ngazi za hii nyumba, na baridi ya huku haina haya, inaingia mpaka ndani ya soksi mbili. Lakini nakula, nalala, nagombeza watu. Donc niko muzima.

Nimeshika kalamu mimi mwenyewe, sikumupa muntu aniandikie. Unajua masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu kwa masista, basi soma polepole na usicheke. Kuna neno limenipiga, na neno lenyewe linakuhusu.

Mwezi ujao tunamaliza matanga ya baba yenu, misa hapa na misa huko Bukavu, siku moja. Tulipatana kitabu cha misa kiwe kimoja, kichapishwe hapa, na vyenu vije na muntu anayesafiri. Nyimbo, masomo, na ukurasa wa majina ya watoto. Nadine, mutoto wa dada yako Georgette, yule anayesoma université, ndiye aliandika kwa ordinateur, ile kompyuta yake. Mimi nilikaa pembeni yake nikamutajia majina: Deo wa kwanza, Georgette wa pili, mpaka kitinda mimba, saba. Nikamwambia ashike mupangilio ule ule, maana mukubwa ndiye anatangulia na ndiye anatoa neno la shukrani. Akaandika, nikaona kwa macho yangu. Kwangu ilikuwa imekwisha. Nilifikiri kilichoandikwa ndani ya mashine ni kama kile padri anaandika kwa kitabu cha ubatizo, hakuna muntu anakigusa tena.

Jumamosi mimi na Nadine tukaenda Matonge, mutaa wa Waafrika wa huku, kwa galerie ya maduka, kwa papa mumoja, muzee wa Lubumbashi anayechapisha. Mulango wake uko katikati ya wanawake wanaosuka nywele. Akatutolea kitabu kimoja cha kuangalia, mbele ya kuchapisha vyote. Nikavaa miwani. Nikahesabu kwa vidole. Sita. Nikahesabu tena. Sita. Na juu kabisa Georgette, wameandika fille aînée, binti wa kwanza.

Deo, nikakaa kwa kiti cha wateja. Nikaanza na yule papa, nikamwambia mashine yake inakula watu. Akanijibu taratibu, "Maman, mashine yangu haijue familia yako. Inatoa kile nilipewa." Alors nikamugeukia Nadine, nikamutukana mbele ya wasusi wote, na mutoto wa watu akalia mpaka ndani ya bus. Nilimukosea.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti. Akakaa kwa ordinateur, akaniambia kuna namna ya kuiuliza: nionyeshe yote yaliyoguswa juma hili. Mashine ikaleta orodha, kila andiko na siku yake na saa yake. Sikuamini. Kumbe ile kitu inakaa pale kimya kama kabati, na inatuandikia saa. Kitabu cha baba yako kilibadilishwa mercredi, Jumatano asubuhi, dix heures vingt, ile saa ine na dakika ishirini. Saa ile Nadine alikuwa masomoni. Mimi nilikuwa kwa munganga wa magoti. Nyumbani alibaki muntu mumoja, Georgette, maana mercredi anaanza kazi midi, saa sita ya mchana, kule Auderghem kwa wazee anaowaosha.

Nadine akaisoma ile saa tena kwa kidole. 

Kisha akatoa kwa mufuko ile wanaita clé, kakitu kadogo kama kidole cha mutoto, anamoweka nakala. Kila Jumapili anatafuta maandiko yaliyobadilika juma lile tu, anayapeleka ndani ya clé, na jipya linafunika la zamani. Akaniambia mimi nyanya yake, "Koko, kama tungengoja kesho, kile cha mercredi kingefunika kile chenye jina la tonton Deo. Tusingelipata tena."

Akafungua. Jina lako lilikuwa pale, la kwanza. Nikaligusa kwa kidole kwenye kioo. Nikamwambia kile cha mercredi atupe. Akakataa, akasema mama yake alisahihisha pia saa ya misa, na wimbo wa tatu ambao mimi niliutaja vibaya. Bon. Akaweka vyote viwili pembeni kwa pembeni, akachukua masahihisho, na weye akakuacha mahali pako. Kisha akaandika siku juu ya kila nakala, ili kimoja kisifunike kingine.

Georgette aliporudi sikumungoja avue viatu. Nikamuuliza mercredi dix heures vingt alikuwa anafanya nini. Hakukana, yule hajue kukana. Akasema, "Mimi nilimuosha baba hapa mwaka muzima. Mimi nilimufunga macho. Deo alikuwa wapi?" Nikamujibu ulikuwa Bukavu bila visa, na aliyezaliwa wa kwanza haondolewe kwa sababu alinyimwa visa. Nikaongeza mengine ambayo siandike, karatasi ni ndogo.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Maman, kwa kanisa unasemaka uko na watoto wangapi?"

Deo, hapo ndipo nilishituka kuliko kule galerie. Maana ni kweli. Tulipofika huku, yule bibi wa commune, ofisi ya serikali ya mutaa, aliniuliza watoto niliozaa mimi kwa tumbo langu, nikasema sita. Hapo sikudanganya. Lakini wamama wa kanisa waliponiuliza, hakuna aliyetaja tumbo, na mimi nikasema sita vile vile. Ilikuwa nyepesi. Sikutaka kueleza kwamba baba yenu alinioa akiwa na mutoto wa miaka miwili mukononi, mama yake amejiendea. Sikutaka wanihurumie. Miaka kumi na miwili nasema sita. Na ni weye niliyekufunga viatu, niliyekuchapa kwa sukari uliyoiba, niliyelala chini ya kitanda chako hospitali siku za surua.

Georgette alikufuta mara moja. Mimi nilikufuta kila walipouliza, na kinywa changu hakiweke nakala.

Yeye sikumuomba musamaha, asijivune. Nilimupikia sombe, akakula, inatosha. Lakini weye nakuomba. Nimeandika hapa, na usiningoje niseme tena kwa simu.

Jana misa ilipokwisha, wamama walikuwa wanaandika nani ataleta nini siku ya matanga. Huku wananiita Mama Georgette. Nikamwambia yule anayeshika daftari akate lile jina, aandike Mama Deo. Akauliza Deo ni nani, mbona hawamujui. Nikasimama nikaeleza yote, mama yako aliyekuzaa nikamutaja kwa jina, mpaka chai yao ikapoa. Georgette alikuwa nyuma yangu na sufuria mukononi. Nilingoja aseme neno lake. Akasema, "Ni mukubwa wetu. Yuko Bukavu."

Tayarisha lile neno la shukrani. Fupi, bila siasa. Na uvae suti, siyo ile shati ya kijani.

Nisalimie Furaha anayekuvumilia, na mwanao anayebeba jina la baba. Nisalimie shangazi yenu, dada ya baba, umwambie viungo vya wazee vinauma hata Ulaya. Na yule jirani muchunga ufunguo wa nyumba yetu, umushukuru, kisha uhesabu viti.

Mungu akulinde, mutoto wangu wa kwanza.

Mama Deo