Kompyuta ya Pikipiki

Mdogo wangu Mwajuma, mguu unaendeleaje? Kigali huku baridi, na vilima tu.

Jana naenda Ndera kwenye ndoa ya mjukuu wetu Hamisi, nimepanda pikipiki yenye kompyuta ya mafuta, ile ya kukisia kilometa zilizobaki. Tukishuka inajisifu, inaongeza kilometa, tukipanda inazirudisha. Nikamwambia dereva, "Baba, tikisa tangi, kama sie na jiko la mafuta ya taa." Akacheka, akaniita bibi kizee kwa Kinyarwanda: "Mukecuru, mafuta iko. Kompyuta inasema kilometa salasini."

Kilima cha pili ikazima. Kailaza chini kusaka tone la mwisho, wapi.

Nimefika kwa miguu, ndoa imeshafungwa, pilau limebaki ukoko. Hamisi ananuna, "Bibi, mbona umechelewa?" Nikamwambia kaiulize kompyuta.

Mungu akuponye, mdogo wangu. Ungekuwepo wewe, ungenifichia nyama.

Dada yako, Bi Zaina